Kireno kilifikaje Maputo, Rio na Dili, kikashindwa kubaki Mombasa

Tangu Cape Verde ifuzu Kombe la Dunia la 2026, swali limekuwa likijirudia vijiweni na mitandaoni: hawa nao ni Wareno? Visiwa vyenye watu takriban nusu milioni, katikati ya Bahari ya Atlantiki, mbona wachezaji wake wana majina kama ya Wabrazili? Hakosekani mtu wa kuumaliza mjadala kwa sentensi moja: walitawaliwa na Wareno, wakafundishwa Kireno, basi.

Jibu hilo linatosheleza mpaka mtu mwingine aulize kuhusu Mombasa. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, miaka miwili kabla ya meli za Pedro Álvares Cabral kufika Brazili. Kuanzia 1593 Wareno walijenga Ngome ya Yesu, na waliushikilia mji hadi 1698, Waomani walipoiteka ngome hiyo baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Hiyo ni zaidi ya karne moja ya mizinga, kodi na makanisa. Leo hakuna mtaa hata mmoja wa Mombasa ambako watoto wanacheza kwa Kireno. Kwa nini lugha ilishika kule na haikushika huku?

Jibu langu ni kwamba bendera ya Ureno peke yake haikueneza lugha popote. Kireno kilikita mizizi pale watu wa lugha nyingi walipong'olewa makwao na kurundikwa pamoja bila lugha ya kuwaunganisha. Na katika bara la Afrika, kilienea kwa kasi zaidi baada ya Wareno wenyewe kufungasha virago. Palipokuwa na lugha inayowaunganisha watu tayari, Wareno walitawala, wakaondoka, na lugha yao wakaondoka nayo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Lugha rasmi ni ile ya katiba, mahakama na mitihani. Nchi inaweza kuwa na lugha rasmi ambayo raia wengi hawaijui. Lugha ya nyumbani ni ile anayoipata mtoto kabla hajaanza shule. Krioli ni lugha inayozaliwa pale watu wasioelewana wanapolazimika kuishi pamoja, wakaokota maneno mengi ya lugha moja, hasa ya bwana, na watoto wao wakakua nayo kama lugha yao ya kwanza. Krioli si Kireno kibovu. Ina sarufi yake, na Mreno anayeshuka uwanja wa ndege wa Praia, mji mkuu wa Cape Verde, kwa mara ya kwanza hushindwa kufuata mazungumzo ya wenyeji.

Kwa hiyo hata hiyo Cape Verde si mfano mwepesi. Visiwa vile havikuwa na watu Wareno walipovifikia katikati ya karne ya 15. Mji wa Ribeira Grande ulianzishwa mwaka 1462, na waliojazwa humo walikuwa walowezi wachache na Waafrika wengi waliokamatwa pwani ya Guinea, wenye lugha mbalimbali. Kilichozaliwa kati yao ni krioli, na ndiyo lugha ya nyumbani ya karibu kila mtu huko hadi leo. Kireno ni cha ofisini, darasani na kwenye nyaraka. São Tomé na Príncipe, visiwa vingine visivyokuwa na wenyeji, navyo vilipata krioli zao kwa njia hiyo hiyo ya utumwa na mashamba ya miwa.

Sasa tutazame uwezo wa Ureno yenyewe. Mwaka 1500 Ureno ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni moja tu. Nchi ya ukubwa huo isingeweza kupeleka walimu, wala hata askari wa kutosha, kuanzia Morocco hadi China. Himaya yao ya mwanzo ilikuwa mlolongo wa bandari na ngome: Ceuta mwaka 1415, Elmina katika Ghana ya leo mwaka 1482, Goa 1510, Malacca 1511, Macau kuanzia 1557. Walikaa ukingoni mwa maji. Ndani ya nchi, wenyeji waliendelea na lugha zao.

Katika pwani ya Waswahili walikuta bandari ambazo zilikuwa zikifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na India kwa karne kadhaa. Walizishambulia vibaya, Kilwa na Mombasa ziliporwa mwaka 1505. Lakini mfanyabiashara wa Malindi hakuhitaji Kireno ili aelewane na yule wa Pate au wa Kilwa, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kinaifanya kazi hiyo. Kireno kikabaki cha ngomeni. Tukachukua maneno ya vitu, kama meza, bendera, leso na gereza, na mambo yakaishia hapo.

Goa nayo inafundisha hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Wareno waliitawala kwa miaka 451, kuanzia 1510 hadi jeshi la India lilipoichukua mwaka 1961. Mwaka 1684 mtawala wao alitoa amri kwamba wenyeji waache Kikonkani ndani ya miaka mitatu na kuzungumza Kireno. Amri ilikuwepo, nguvu ilikuwepo, na watu wengi walibatizwa na kupewa majina ya Kireno. Kikonkani hakikufa. Kireno kilibaki cha familia za tabaka la juu, na mwaka 1987 Kikonkani kikawa lugha rasmi ya jimbo la Goa. Hapa Afrika Mashariki tunalo kosa la zamani la kumwona kila de Souza au Fernandes wa Zanzibar, Nairobi au Dar es Salaam kuwa ni Mreno au chotara wa Kireno. Wagoa waliohamia kwetu walikuwa Wahindi wa Goa, na nyumbani wengi wao walizungumza Kikonkani au Kiingereza. Jina la ubatizo halikuwa ushahidi wa lugha.

Kuna mji mmoja wa Asia unaovuruga kabisa ile hoja ya "walitawaliwa, wakajua". Batavia, ambayo leo ni Jakarta, ilikuwa makao makuu barani Asia ya kampuni ya biashara ya Waholanzi kuanzia 1619. Wareno hawakuwahi kuitawala hata siku moja. Hata hivyo, katika karne ya 17 na ya 18, krioli ya Kireno ilisikika mitaani humo kuliko Kiholanzi. Waholanzi walijaza mji kwa watumwa kutoka Bengal, pwani ya Coromandel na Sri Lanka, watu ambao walikuwa wamekwisha kuzoea krioli ya Kireno katika bandari za Bahari ya Hindi. Watumwa hao ndio waliolea watoto wa Waholanzi, na watoto wakakua na lugha ya walezi wao. Wakubwa wa kampuni walikasirika, wakahimiza Kiholanzi, wasifanikiwe kwa muda mrefu. Malacca pia, ambayo Waholanzi waliiteka kutoka kwa Wareno mwaka 1641, bado ina jamii ndogo inayozungumza krioli iitwayo Kristang, karibu karne nne baada ya gavana wa mwisho wa Kireno kuondoka. Vinywa vilivyoibeba lugha vilikuwa vya watu wa chini kabisa: mabaharia, wake waliooana na Wareno, watumwa, yaya.

Tufike Brazili, kwa sababu bila Brazili hatungekuwa na mjadala huu. Wazungumzaji wa Kireno duniani wanazidi milioni 250, na wengi mno kati yao ni Wabrazili. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu milioni 203 huko, wakati Ureno yenyewe ina watu kama milioni 10. Watu hudhani kwamba Cabral aliposhuka mwaka 1500 Kireno kilianza safari ya moja kwa moja hadi leo. Haikuwa hivyo. Kwa karne mbili na nusu, sehemu kubwa za koloni hilo, hasa São Paulo na Amazoni, watu walizungumza kile walichokiita língua geral, yaani lugha ya wote, iliyotokana na lugha za Watupi, wenyeji wa pwani. Walowezi walizaa na wanawake wa kienyeji, na watoto wakachukua lugha ya mama zao. Mapadri Wajesuiti nao walihubiri kwa lugha hiyo. Sarufi yake iliyoandikwa na José de Anchieta ilichapishwa mwaka 1595. Kanisa lilitaka kueleweka kwanza, habari za Kireno zingekuja baadaye.

Mambo mawili yaligeuza hali. La kwanza ni dhahabu. Ilipopatikana Minas Gerais miaka ya 1690, Wareno walimiminika kwa malaki, kiasi kwamba serikali ya Lisbon iliweka sheria za kuwazuia wasiihame nchi. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni Waafrika. Takriban watu milioni 4.9 walishushwa Brazili wakiwa hai na katika minyororo, idadi ambayo hakuna nchi nyingine ya Amerika inayoikaribia. Walitoka Angola, Kongo, Ghuba ya Benin, na wengine Msumbiji. Mabwana mara nyingi walipendelea kuwachanganya watu wa lugha tofauti ili wasipange maasi. Mwanzoni lugha za Kiafrika zilikuwa hai kabisa: mwaka 1697 ilichapishwa Lisbon sarufi ya Kikimbundu, lugha ya Angola, iliyoandikwa na Mjesuiti Pedro Dias, aliyeishi Bahia, kwa ajili ya mapadri waliohudumia watumwa huko huko Brazili. Lakini mtu wa Luanda akiwekwa shamba moja na mtu wa Ouidah na mwingine wa Sofala, lugha pekee iliyobaki mezani ilikuwa ya bwana. Watu hawa wakaibeba kutoka mashamba ya miwa hadi machimbo ya dhahabu, kutoka machimboni hadi mashamba ya kahawa. Hawakufundishwa darasani. Walijifunza kwa kusikia, wakaifinyanga kwa midomo yao, na watoto wao wakaikuta ndiyo lugha ya nyumbani. Mtoto wa mwisho katika familia Brazili huitwa caçula, neno la Kikimbundu. Wapo wataalamu wanaoona mkono wa Waafrika hata katika namna Kireno cha Brazili kinavyojenga sentensi. Naamini Waafrika wa Brazili wanastahili kutajwa kwanza kila tunapozungumzia nani aliyekifanya Kireno kuwa lugha ya bara.

Amri ya serikali ilikuja baada ya hapo. Mwaka 1757 Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa Ureno, alipiga marufuku língua geral katika Amazoni na kulazimisha Kireno, na mwaka uliofuata amri ikapanuliwa kwa koloni zima. Mwaka 1759 Wajesuiti wakafukuzwa. Amri hiyo ilipata nguvu kwa sababu watu wa kuitimiza walikuwa wamekwisha kufika. Ile ya Goa ya 1684 haikuwa na bahati hiyo. Na hata hivyo, kule mto Rio Negro, mjini São Gabriel da Cachoeira, tawi la língua geral liitwalo Nheengatu linazungumzwa hadi leo na linatambuliwa rasmi na manispaa.

Sasa tuvuke mto Ruvuma, tuingie kwa majirani zetu, ambako hadithi inawashangaza wengi. Ipo imani kwamba Wareno, tofauti na Waingereza, walijichanganya na Waafrika kwa upole na kuwafundisha lugha yao. Serikali ya kidikteta ya Salazar huko Ureno ililipigia debe wazo hilo duniani kote miaka ya 1950, na bado lina wafuasi. Ukweli wa sheria zao unalikanusha. Hadi mwaka 1961, Msumbiji na Angola, Mwafrika alihesabiwa kuwa "mwenyeji", mtu asiye na uraia, anayeweza kusombwa kwenda kazi za shuruti au kulazimishwa kulima pamba. Ili atoke katika kundi hilo awe assimilado, yaani aliyekubaliwa kuwa "amestaarabika", alipaswa kuthibitisha miongoni mwa mengine kwamba anajua Kireno na anaishi kama Mreno. Shule za kumfundisha hicho Kireno zilikuwa chache mno. Kufikia sensa za mwaka 1950 waliovuka mlango huo hawakufika asilimia 1 ya Waafrika wa makoloni hayo mawili. Lugha ilikuwa ukuta.

Wareno walipoondoka Msumbiji mwaka 1975, zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawakujua kusoma na kuandika. Sensa ya kwanza ya nchi huru, mwaka 1980, ilikuta kwamba waliozaliwa na Kireno kama lugha yao ya kwanza ni asilimia 1.2 tu. Yaani karibu karne tano tangu Vasco da Gama apite pwani hiyo, lugha yake ilikuwa ya watu wachache wa mjini. Sensa ya 2017 ilikuta asilimia 16.6, na karibu nusu ya wananchi wanaweza kukizungumza. Ongezeko hilo lote limetokea chini ya bendera ya Msumbiji.

Lilitokeaje? Sehemu ya jibu iko Dar es Salaam. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa huko mwaka 1962 chini ya Eduardo Mondlane, mzaliwa wa Gaza, kusini mwa nchi hiyo. Waliojiunga walikuwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wasena, Washangana na wengineo. Katika kambi za Kongwa na Nachingwea walipaswa kupokea amri moja kwa lugha moja. Kiswahili kilisikika kaskazini, Cabo Delgado, lakini mtu wa Gaza hakukijua. Kuchagua Kimakua au Kishangana kungeonekana kulitukuza kabila moja juu ya mengine. Wapiganaji wakachagua lugha ya adui, kwa sababu haikuwa ya kabila lolote kati yao. Upande wa pili wa bara, Amílcar Cabral, kiongozi wa mapambano ya uhuru, aliwaambia makada wake wa Guinea-Bissau na Cape Verde jambo linalofanana: kwamba lugha hiyo ni chombo, na ni miongoni mwa vitu bora walivyoachiwa na Wareno. Uchaguzi huo ulikuwa na gharama. Mtoto wa kijijini Nampula aliingia darasa la kwanza akafundishwa kwa lugha asiyoijua, na wengi waliacha shule. Msumbiji imekuwa ikipanua elimu ya lugha mbili ili kuanza na lugha ya mtoto. Mimi naona walichelewa, ingawa naelewa hofu iliyowachelewesha.

Angola ilikwenda mbali zaidi, na kilichoisukuma ni vita. Kuanzia uhuru mwaka 1975 hadi 2002, mamilioni ya watu walikimbia vijiji vyao. Waovimbundu kutoka Huambo na Bié, wazungumzaji wa Kikimbundu kutoka Malanje, Wakongo kutoka Uíge, wote wakajibana Luanda katika mitaa ya mabanda iitwayo musseque. Lugha katika hali hiyo hufanya kazi kama huduma ya kutuma pesa kwa simu: unajiunga na ile ambayo majirani na wateja wako wanayo, hata kama hukuipenda, na kila anayejiunga anampunguzia anayefuata sababu ya kukataa. Mzazi aliyeuza samaki kwa Kireno alirudi nyumbani akazungumza na watoto kwa Kireno. Wakongo waliorejea kutoka Kinshasa na Kilingala chao walijifunza upesi, kwa kuwa lafudhi iliwafanya washukiwe kuwa wageni. Sensa ya 2014 ilikuta asilimia 71 ya Waangola wanatumia Kireno nyumbani: 85 mijini, 49 vijijini. Wareno wengi wa Angola walikuwa wamekimbia mwaka ule ule wa uhuru.

Timor ya Mashariki, koloni la zamani la Ureno huko Asia ambalo mji wake mkuu ni Dili, ni kisa kigumu kuliko vyote. Indonesia iliivamia Desemba 1975, siku chache baada ya uhuru kutangazwa, na kwa miaka 24 ikafuta Kireno mashuleni. Kwa wapiganaji wa msituni, Kireno kikawa lugha ya nyaraka za ukombozi. Nchi ilipokuwa huru mwaka 2002, katiba iliweka Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi, na kizazi kizima cha vijana waliosoma kwa Kiindonesia kikajikuta hakiwezi kusoma sheria za nchi kiliyoipigania. Lugha inayowaunganisha watu wa Dili mitaani ni Kitetum, na sioni dalili ya Kireno kuiondoa.

Imebaki nchi moja inayowachanganya watu. Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kireno, CPLP, iliundwa Lisbon mwaka 1996, na mwaka 2014 iliipokea Guinea ya Ikweta, koloni la zamani la Hispania ambako shule na serikali hutumia Kihispania. Rais Teodoro Obiang alikuwa ametangaza Kireno kuwa lugha rasmi mwaka 2010, na wakosoaji wengi Ureno walisema kilichofungua mlango ni mafuta. Hoja yao ina uzito. Lakini nchi hiyo ina kisiwa kidogo mbali baharini kiitwacho Annobón, ambacho Ureno iliwapa Wahispania kwa mkataba wa mwaka 1778. Wakazi wake, vizazi vya watu walioletwa kwa nguvu na Wareno kutoka Angola na São Tomé, walitawaliwa na Hispania kwa karibu miaka 190, na bado wanazungumza krioli yao yenye maneno ya Kireno, iitwayo Fá d'Ambô, ambayo hakuna serikali iliyowahi kuiagiza.